Barua kwa shoga yangu kuhusu uwakili wa sheria ya kimataifa

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salaam aleikum, na uwasalimie wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama mwanetu, anayemaliza mwaka wa mwisho wa sheria, anaweza kweli kuwa wakili wa sheria ya kimataifa hali ametoka hapa hapa Tanga. Anaweza. Ila aelewe mapema kuwa kazi yenyewe si joho na hotuba mbele ya majaji 15 wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, Uholanzi. Mashauri mengi hufia mlangoni, kabla hoja yenyewe haijaguswa.

Chukua bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Novemba 2020 asasi nne za kiraia zilifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kulipinga. Walikuwa na hoja nzito za mazingira na haki za wenye ardhi. Majaji hawakufika huko. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa mlalamikaji miezi miwili tu, tangu jambo litendeke au tangu alipolijua, na makubaliano ya Uganda na Tanzania kuhusu bomba yalitiwa saini Mei 2017. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ikasema wamechelewa, ikalitupa shauri. Rufani ilikatwa, lakini hebu fikiria: miaka mitatu ya kazi, na kilichobishaniwa ni kalenda! Tena mahakama hiyo ilikwisha kuamua, tangu 2012, kwamba haina mamlaka ya kuongeza muda huo, na kwamba kusema "kosa bado linaendelea" hakusaidii.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo mji huo huo, lakini mambo yake ni kinyume. Kule ukikimbilia mapema unarudishwa, maana lazima kwanza umalize njia zote za mahakama za nyumbani. Na kwa Mtanzania kuna zuio jingine: tamko lililoruhusu mtu binafsi na asasi kufungua shauri moja kwa moja, lililowekwa 2010, Serikali ililiondoa Novemba 2019, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Yaliyofunguliwa kabla ya hapo yanaendelea kusikilizwa. Jipya linabidi lipitie Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia. Mimi uamuzi ule uliniuma na bado unaniuma, lakini wakili anayemficha mteja jambo hilo anamwibia.

Kwa hiyo jalada jipya halianzi na hoja. Linaanza na karatasi moja: nani ametenda, lini hasa, mkataba upi unahusika, na je, nchi imeuridhia au imeutia saini tu. Hapa vijana wengi huteleza. Saini ya waziri peke yake haitoshi pale mkataba wenyewe unapotaka kuridhiwa. Kwetu kazi hiyo ni ya Bunge, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Halafu atazame kama nchi iliweka masharti yake wakati wa kuridhia. Hayo yakikamilika ndipo achague mahakama, kisha ndipo aandike.

Ningependa sana aegemee upande wa bahari, maana sisi ni watu wa pwani na fani hiyo bado ina watu wachache. Jaji Warioba alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na Jaji Kateka akachaguliwa 2005. Aijue kesi ya Somalia na Kenya kuhusu mpaka wao wa baharini, iliyoamuliwa The Hague. Kenya ilikuwa imekubaliana nasi mpaka wa baharini kwa barua za kidiplomasia za 1975 na 1976. Mstari ule unapita kati ya Pemba na pwani yao, kisha unafuata latitudo kwenda mashariki. Ikataka na kaskazini uwe hivyo hivyo, ikidai Somalia ilinyamazia tangazo la Rais wa Kenya la 1979. Hukumu ya 12 Oktoba 2021 ikakataa: ukimya haugeuki ridhaa kirahisi hivyo. Majaji wakachora kwanza mstari ulio sawa umbali kutoka pwani zote mbili, wakauliza kama unamdhulumu mtu, mwisho wakalinganisha urefu wa pwani na ukubwa wa eneo ambalo kila mmoja amepata. Katika hatua ya pili Pemba ikaingia, ingawa Tanzania haikuwa mdaawa. Waliitazama pwani ya nchi tatu kwa pamoja, wakaona Kenya imebanwa katikati na Pemba inazidisha kubanwa huko, wakausogeza mstari kaskazini kidogo.

Wakili wa kesi kama hiyo hukaa na mpima ramani muda mrefu kuliko anavyokaa na majaji. Maili 12 za bahari ya kitaifa na maili 200 za ukanda wa uchumi, zote kwa kawaida huhesabiwa kuanzia pale maji yanapokomea yakikupwa, kwa hiyo mwamba mmoja ukikosewa kwenye ramani mstari mzima unahama. Meli ikikamatwa nako kuna mtego: mwenye meli hawezi kwenda Hamburg kwa jina lake. Ni nchi ya bendera, yaani ile meli ilikosajiliwa, au aliyeidhinishwa nayo, ndiyo huomba iachiwe kwa dhamana, pande zisipoelewana ndani ya siku 10.

Kuhusu njia yenyewe: amalize digrii, apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, aapishwe. Kisha asikimbilie ng'ambo. Akae Mahakama Kuu hapa Tanga miaka kadhaa, kwenye kesi za ardhi na mirathi, ajifunze kuhoji shahidi na kutunza tarehe. Kesi hizo ndizo zitakazomlipia kodi ya nyumba, kwa sababu wanaoishi kwa sheria ya kimataifa pekee ni wachache mno, na wengi wao wameajiriwa serikalini au kwenye masjala za mahakama. Kifaransa ajifunze sasa. Mashindano ya Jessup, ambapo wanafunzi huigiza kesi ya kimataifa, ayaingie kabla hajahitimu, kwa kuwa humlazimisha mtu kuandika hoja za pande zote mbili. Mihadhara ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya kimataifa ipo mtandaoni bure.

Na mwambie anifanyie kazi moja. Desemba 1961 Nyerere alimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili ambayo Uingereza iliifunga kwa ajili ya Tanganyika itaendelea kwa miaka miwili tu, na baada ya hapo ile isiyobebwa na sheria ya desturi, yaani kanuni zinazozifunga nchi kwa mazoea yao, ihesabiwe imekoma. Nchi kadhaa za Afrika ziliufuata msimamo huo. Aitafute barua hiyo, aandike kurasa mbili za kuitetea na mbili za kuipinga, kwa mkono wake, bila kunakili. Akija likizo aniletee, nitazisoma mstari kwa mstari.

Shogayo wa Ngamiani