Kodi ya miezi sita inawaacha watu bila makazi

Mhariri,

Mkakati wa muda mrefu wa makazi ukijadiliwa, husikika habari za nyumba mpya tu. Hapa Arusha, kinachowahangaisha wapangaji wengi wa Unga Limited na Ngarenaro ni kodi ya mkupuo. Chukua chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi: mwenye nyumba anadai miezi sita, yaani 300,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Ni 350,000 kabla godoro halijaingia ndani. Mama lishe anayepata fedha siku kwa siku atazitoa wapi? Anakopa, mkopo unakula mtaji, na miezi sita ikiisha vyombo vinatolewa nje.

Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Naiomba Wizara ya Ardhi ipeleke bungeni sheria mpya: kodi ilipwe kwa mwezi, amana isizidi kodi ya mwezi mmoja, na notisi ya kuhama iwe ya maandishi, si chini ya siku 90. Mkataba usajiliwe serikali ya mtaa bila ada, maana ada ikiwepo watu wataukwepa. Wenye nyumba wanaogopa wadaiwa sugu, na wana haki. Basi mashauri ya pango yapewe ukomo wa siku 30 katika baraza la ardhi na nyumba.

Mkazi wa Sombetini,
Arusha