Tenti yenu nusura itumalize Timboroa, nataka pesa yangu

Kwa meneja wa mauzo, pamoja na yule mwenye husimamia kastama kea,

KUH: TENTI YA TURUBAI NA STOVU YA KUNI, NILILIPA SH 96,000, ODA YA MWEZI WA TANO

Habari zenu. Mimi ndio yule jamaa wa Nakuru amewapigia simu mara saba na ya nane mkanibloki, kwa hivyo wacha niweke kila kitu mahali pamoja ndio mtu asikuje kusema hakuambiwa. Nitaandika tu venye naongea, mtanivumilia.

Mwezi wa tano nilinunua kwenu ile tenti kubwa ya duara, turubai ya pamba, nguzo moja katikati, mita tano kutoka ukuta mpaka ukuta, na stovu ya chuma ya kuni na bomba lake la moshi. Nilituma pesa yote na M-Pesa mara moja, sikuomba hata punguzo, na wale wananijua wanajua hiyo si tabia yangu. Ikaletwa na matatu ya mizigo, kilo karibu arobaini, watu wa boda wawili wakaiangalia wakaenda zao.

Nilitaka turubai kwa sababu hizi tenti za nailoni nimezilalia miaka mingi na huku kwetu juu baridi ikiingia zinatoa jasho, pumzi yenu inapanda, inashika juu kwa kitambaa, halafu inaanza kuwanyeshea saa kumi usiku kama mvua ya pili. Pamba inapumua. Na ikiwa na stovu ndani unakausha hata soksi. Mpango wangu ulikuwa niijaribu, halafu niwe naikodisha kwa watu wa haiking wikendi.

Tangazo lenu lilisema ni tenti ya kuwinda msimu wa baridi, na picha ina theluji na mzee wa ndevu ameshika bunduki. Hapa Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977, mimi nilikuwa nawinda usingizi tu, kwa hivyo nilijua hiyo picha mmeitoa Marekani kwa wale watu wa Montana na Colorado ambao wakifika mwezi wa kumi hupanda milima na tenti kama hizi wakitafuta elk, yaani kulungu wakubwa wa huko. Sina shida na picha. Shida yangu ni mlichukua picha yao mkaacha vitu vyao. Tenti ya yule mzee, pale bomba linapita kwa turubai kuna kipande cha kitambaa cha nyuzi za glasi kimepakwa silikoni, hakishiki moto. Nyinyi mliandika mko nacho. Nitarudi hapo.

Kabla hamjaniambia sikujua kutumia, mjue hivi. Nikiwa nyumbani niliisimamisha kwa kiwanja, nikaimwagia maji na mpira mpaka ikalowa yote, nikaiacha ikauke, nikarudia. Turubai ya pamba ikiwa mpya inavuja pale sindano ilipita, lazima ilowe ndio nyuzi zivimbe zizibe hizo tundu. Kwa karatasi yenu hakuna mahali mmesema hivyo, nilijisomea mwenyewe. Stovu pia niliiwasha nje mara ya kwanza ili rangi iungue huko huko, na hapo ndio nilianza kushuku. Bomba lilitoa moshi fulani mweupe na harufu imenikaa kooni siku nzima, nikampelekea fundi wa kuchomelea hapa mtaani, akakwaruza na msumari, akacheka. Akaniambia hii ni mabati ya zinki, hata gata ni hii, na zinki ikipata moto mwingi inatoa moshi wa kukupa homa, yeye ashaugua nayo. Nikawapigia. Mkasema ni kawaida, itaisha. Nikawaamini, na hiyo nakubali ni ujinga wangu.

Wikendi ya kwanza ya mwezi wa saba tukapanda Timboroa, kwa shamba ya viazi ya baba ya shemeji yangu. Kama hamjawahi kufika, Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu, ile stesheni ya zamani ya reli unaiona kwa ukungu, na mwezi wa saba asubuhi nyasi inavunjika ukiikanyaga. Tulikuwa wanne, mimi, shemeji, jirani yangu na mpwa wangu wa miaka kumi na sita ambaye mamake alinikabidhi kwa mkono wake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa tisa.

Tukaweka stovu na miguu yake juu ya mchanga niliomwaga kwa sinia ya bati, mbali na ukuta, kuni kavu za wattle nilizotoka nazo Nakuru maana sypresi ya huko inarusha cheche na inajaza bomba lami. Saa moja unusu tenti ilikuwa moto tumevua majaketi, mpwa anachoma mahindi kwa mlango wa stovu, nikasema moyoni kumbe hawa watu si wabaya.

Halafu ikaanza kudondoka. Vile vipande vya bomba mmevitengeneza mwisho mwembamba unaangalia juu. Lami ya moshi ikipoa inateremka ndani ya bomba, na kama mwisho mwembamba ungeangalia chini ingerudi kwa stovu iungue, lakini kwenu inatokea kwa viungo, inateremka nje, nyeusi, inalia tsss juu ya stovu na kunuka. Tena bomba lenyewe ni fupi, linaishia chini ya ncha ya tenti, kwa hivyo upepo ukipita juu unarudisha moshi ndani. Na juu yake hakuna ile wavu ya kuzuia cheche. Hizo zote ningevumilia, ningempelekea fundi akanirekebishia na elfu tatu.

Saa tatu kasoro mpwa akasema anasikia harufu ya nywele zikiungua. Nikainua tochi. Pale bomba linatokea, kile kipande chenu cha rangi ya fedha kilikuwa kimegeuka hudhurungi kuzunguka bomba, duara kama alama ya kikombe cha chai kwa kitambaa cha meza, na hiyo duara ilikuwa inapanuka nikiiangalia. Pembeni kukatokea kamstari kembamba kekundu kanatembea polepole kwa turubai. Nilichukua termosi ya chai, chai ya maziwa na sukari yake, nikairusha juu, shemeji akafungua mlango wa stovu akamwaga jeri ya maji, moshi na majivu ikajaa, tukatoka nje kwa mvua tukikohoa. Shimo lililobaki ukipitisha kichwa kinapita.

Kile kipande ninacho. Nilikata kona yake nikaweka kiberiti. Kitambaa cha nyuzi za glasi hakiwezi kudondoka. Chenu kilijikunja kikadondosha matone meusi yanayowaka, kwa sababu ni plastiki ya kawaida imepakwa rangi ya fedha. Video niliwatumia tarehe tisa na mliitazama, tiki mbili za bluu ziko.

Sasa sikizeni hii vizuri kwa sababu ndio imefanya niandike barua. Tukiwa tumeziba shimo na gunia la nailoni, turubai imelowa, stovu imezimwa na sisi tunatetemeka, nikaandikia kastama kea yenu WhatsApp. Mlijibu haraka, hiyo nawapa. Huyo dada akaniandikia, na ninanakili neno kwa neno: "Pole sana boss. Kwa sasa weka jiko la makaa katikati, yakishakuwa mekundu hayana moshi, wateja wengi hufanya hivyo." Akaweka na kale kakatuni ka moto.

Mimi ni mtu mzima na nimezaliwa hapa. Kila mwaka ikifika Juni na Julai tunasikia kwa redio familia imelala na jiko haijaamka. Nilijua. Lakini ukiwa umelowa, mtoto wa mwenyewe meno yanagongana, na mtu mwenye aliuza kitu anakuambia wengi hufanya hivyo, unasikia kile unataka kusikia. Mzee mwenye shamba, baba ya shemeji, alituazima jiko lake kwa dirisha akidhani tunachemsha chai. Tukawasha nje mpaka makaa yakawa mekundu kabisa, tukaliingiza, tukafunga zipu.

Turubai ikiwa kavu inapitisha hewa kidogo kidogo. Ikilowa zile nyuzi zinavimba, ndio maana haivuji, lakini ndio maana pia hewa haipiti. Tukawa tumelala ndani ya debe.

Saa nane hivi jirani yangu aliamka kwenda kukojoa. Alifika kwa zipu akapiga magoti, akabaki hapo ameishika, hafungui, hasemi. Mimi nilimwona nikadhani anatafuta viatu. Kichwa kilikuwa kinanigonga na nilikuwa nimelegea vizuri tu, sina wasiwasi na chochote, na hiyo ndio inaniogopesha mpaka leo, kwamba sikuwa na wasiwasi. Shemeji ndiye alikuwa amelala mlangoni pua karibu na nyasi, akamkanyaga jirani akafungua zipu, upepo ukaingia. Mpwa tulimvuta na miguu. Alikuwa anapumua lakini hakuwa anajibu jina lake, nilimwita nikampiga makofi ya shavu, mzee akatoka na taa na blanketi, akaliona jiko ndani ya tenti, akaniangalia. Hakuniambia kitu. Afadhali angenitukana.

Mpwa alitapika mara mbili ndio akaniita anko. Pikapu ya maziwa ikatupeleka hospitali, akawekwa oksijeni mpaka saa nne asubuhi. Daktari alituelezea kwamba hiyo hewa ya makaa haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, kwa hivyo hata ikiwa kidogo inachukua nafasi ya oksijeni, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndio yanakudanganya zaidi. Yaani kile mliniambia ni salama ndicho chenyewe. Mamake mtoto nilimwambia ukweli wote siku hiyo hiyo. Hajanipigia tena.

Mlipopokea malalamiko yangu mlinijibu mistari miwili, ati bidhaa ilitumiwa visivyo na waranti haihusu uharibifu wa moto. Waranti ya stovu haihusu moto! Kwani nilikuwa niweke nini ndani, sukuma wiki?

Nimesoma Katiba kifungu cha 46, inasema mteja ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji, na kulindwa afya na usalama wake. Iko pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Na iko mahakama ya madai madogo, inasikiza kesi mpaka milioni moja, na mimi sidai hata robo ya hiyo na sihitaji wakili. Risiti ninayo, meseji ninazo, karatasi za hospitali ninazo. Sipendi kortini, kazi yangu ni ya kila siku, nikikosa siku moja naisikia. Lakini nitakuja.

Nataka hivi. Mnirudishie 96,000 yote na 4,350 ya hospitali, kwa ile namba niliwalipia nayo, ndani ya siku kumi na nne. Pesa ya pikapu wacha, mzee wa maziwa alikataa kulipwa. Halafu, na hii kwangu ni kubwa kuliko pesa, mpigie kila mtu mmemuuzia hiyo tenti na stovu, muwaambie kile kipande cha fedha kinashika moto wakitoe, na muwaambie jiko la makaa haliingii ndani ya tenti, liwe jekundu, liwe jeupe, liwe limebaki jivu. Huyo dada sitaki afutwe kazi. Nashuku aliandikiwa hayo maneno na mtu, na huyo mtu ndiye anafaa kusoma hapa. Kama "wateja wengi hufanya hivyo" ni kweli, basi mna namba zao, anzeni leo.

Tenti niliikausha siku mbili isishike ukungu, nikaikunja, iko stoo na stovu na mabomba yote matano. Sitaituma na matatu, gharama ya kuibeba ni yenu. Mkija kuichukua mje na watu wawili wenye nguvu, na mnipigie mkifika steji, ile namba mmebloki. Kipande kilichoungua sitawapa mpaka pesa iingie.

Mteja wenu,
Nakuru