Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa leza, joto na maduara ukutani

Wanachama wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine mambo zenu. Najua kuna waliotegemea kurasa kumi, hazipo, maana mwaka huu nguvu zetu karibu zote ziliishia kwenye jaribio moja, lile la leza na fuwele kioevu.

Kwa wageni: fuwele kioevu ndo hizo za skrini ya kalkuleta, zinatiririka kama maji ila molekuli zake zimejipanga zinaangalia upande mmoja kama watu kwenye safu ya swala. Aliyezigundua 1888, Friedrich Reinitzer, hata hakuwa mtu wa fizikia, alikuwa wa mimea, anahangaika na kolesteroli ya karoti akaona kitu chake kinayeyuka mara mbili, nyuzi 145.5 kinakuwa na ukungu, 178.5 ndo kinatakata.

Sasa kioo cha dirisha ukikimulika kwa tochi au kwa leza kinapinda mwanga vilevile. Hizi fuwele hapana, mwanga ukiwa mkali unazigeuza molekuli, zikishageuka nazo zinaupinda mwanga kivingine, yani mwanga unajitengenezea lenzi yake humo humo ndani, na athari hiyo inafika kama mara bilioni ya kaboni disulfaidi ambayo watu walikuwa wanaitumia kupimia mambo haya. Utamu uko kwenye kizingiti: unapandisha nguvu ya leza, kimya, unapandisha tena, kimya, halafu ghafla doa la mwanga uliopita kwenye fuwele na kutua ukutani linafumuka maduara, moja nje ya jingine. Wanafizikia Durbin, Arakelian na Shen walishayaonyesha hayo 1981, kwa hiyo hatujagundua kitu jamani, tulitaka tu tuyaone kwa macho yetu.

Kilichotutesa ni joto. Tunatumia 5CB, aina mojawapo ya fuwele kioevu, na hiyo inakaa kwenye mpangilio kati ya nyuzi 24 na 35 tu. Dar hii, Februari, saa nane mchana, umeme umekatika na feni imelala! Kichupa kilichokuwa cheupe kama tui jepesi tukakikuta kimetakata kama maji ya kunywa, safu zote zimevunjika, na hapo hata ukiwasha leza ya namna gani hupati kitu. Mara tatu hivyo, mpaka tukaamua kazi ifanyike usiku tu, na Juni tukapata maduara saba, wale waliokuwepo wanajua kelele zilizopigwa, majirani nao wanajua.

Mwakani nataka tununue E7, ni mchanganyiko ambao hiyo 5CB imo ndani yake ila inavumilia mpaka karibu nyuzi 60, na hela itatoka kwenye ada, ambazo mhazini anasema nusu yenu hamjalipa na sitataja majina.

Mwisho, miwani ya leza, ile ya rangi ya chungwa, tulikuwa nazo nne sasa zipo tatu. Aliyeichukua airudishe, bila hiyo chumbani haingii mtu.