Maji yaliyo nyuma ya Waikiki

Honolulu, Hawaii

Shoga yangu mpenzi,

Habari za huko Machame, Kilimanjaro? Mama hajambo? Uliniomba picha za Waikiki, ule mtaa wa hoteli ufukweni, na nitakutumia. Ila leo nataka nikusimulie maji yaliyo nyuma ya zile hoteli, kwa sababu tangu niyaone sijaacha kuukumbuka mfongo wetu, ule mfereji wa kumwagilia unaopita nyuma ya kihamba cha babu, lile shamba la migomba la nyumbani.

Ninakaa Manoa. Ni bonde lililoingia ndani kabisa ya milima ya Koolau, kijani mwaka mzima. Mvua hapa hunyesha huku jua linawaka, ndiyo maana haipiti siku mbili sijaona upinde wa mvua. Juu kabisa kuna maporomoko ya mita 45 hivi. Mto hushuka kutoka huko, ukapita kando ya chuo chetu, Chuo Kikuu cha Hawaii (ndicho alichosoma Mkenya Obama, baba yake yule rais wa Marekani, kuanzia 1959), ukaungana na mto wa Palolo, kisha yote miwili humwagika kwenye mfereji uitwao Ala Wai.

Mfereji huu una urefu wa kilomita tatu hivi, na sehemu kubwa yake imenyooka kama uzi wa fundi. Ng'ambo moja ni maghorofa ya Waikiki. Ng'ambo ya pili ni McCully na Moiliili, mitaa ya watu wa kawaida, ambako ndiko ninakonunua mchele na mboga. Ukitazama mwisho wake wa mashariki unakutana na Diamond Head, ile kreta ya mita 232 ambayo wenyeji waliiita Leahi kabla ya mabaharia wa Kizungu kuipa jina la almasi.

Shoga, Waikiki maana yake ni maji yanayobubujika! Tambarare yote ile ilikuwa chepechepe, na watu walilima humo: kwanza Wahawaii na magimbi yao, baadaye Wachina na Wajapani wakaleta mpunga na mabwawa ya bata. Maji ya mabonde matatu, Makiki, Manoa na Palolo, yalikuwa yakitandaa polepole mashambani kabla ya kufika baharini. Wakubwa wakasema ni uchafu na mbu. Kati ya 1921 na 1928 mfereji ukachimbwa, tope lake likafukia mashamba, na juu ya kifusi hicho ndipo unapouona mji wa kwenye picha. Mbu ni kweli walikuwepo, lakini naumia nikifikiria wakulima wale. Walikuwa na maji, wakawa hawana.

Mpango wa mwanzo ulikuwa mfereji ufunguke baharini pande zote mbili. Upande wa Diamond Head haukufunguliwa kamwe, kwa hiyo maji huku yanadumaa. Jana jioni nilisimama darajani nikayatazama. Maji rangi ya chai ya maziwa, samaki wa jamaa ya perege wamejaa (asili yao ni kwetu Afrika, fikiria), na mitumbwi mirefu ya ngalawa inapita, wapiga makasia sita sita, mmoja anahesabu kwa sauti. Mvua kubwa ikinyesha milimani, kila kitu hushuka hapa. Oktoba 2004 mto Manoa ulifurika ukaingia maktaba ya chuo, ukaharibu ramani na picha za anga zisizo na idadi.

Lakini hawajaukatia tamaa. Watoto wa shule wanafinyanga madonge ya udongo uliochanganywa na pumba za mchele na vijidudu vinavyokula tope, wanayakausha, halafu wanayatupa mferejini kwa mkono. Na pale Kanewai, kando ya mto, pana majaruba ya magimbi yaliyofufuliwa. Niliwahi kwenda Jumamosi ya kazi ya pamoja. Tulisimama kwenye tope hadi magotini tukang'oa magugu. Tone la maji lilikuwa limekaa katikati ya jani la gimbi, mviringo kabisa, likiteleza bila kulilowesha, vile vile kama kwetu. Wenyeji walinisimulia kwamba gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu: mtoto wa kwanza alizaliwa amekufa, akazikwa, likaota gimbi, wa pili ndiye aliyekuwa mtu. Kaka humlisha mdogo, mdogo humtunza kaka. Kwa lugha yao maji ni *wai*, na mali ni *waiwai*.

Niliposimama kwenye tope lile nikasikia kabisa sauti ya babu akigombana na majirani juu ya zamu ya maji.

Sasa niambie. Mfongo umezibuliwa mwaka huu? Waliotoka kuuchimbua ni wangapi, na vijana walikuwemo? Na yale magimbi ya mama pale chini ya migomba, bado yapo? Ukipata nafasi yapige picha, tafadhali, na maji yaonekane.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shoga yako