Aliyefungiwa kwa kuchakachua akirudi mlangoni kwetu

Wiki iliyopita wateja watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza jambo lile lile: yule kijana mliyemfungia mwaka jana, mbona nimemwona tena Jumamosi? Wana haki ya kuuliza. Anayelipa kiingilio lazima ajue anacheza na nani.

Kwa asiyetufahamu, kituo chetu cha gemu kipo Mabibo, Dar es Salaam. Wachezaji wengi ni wanachuo wa hosteli na vijana wa mtaani, na kila Jumamosi tuna ligi ya Free Fire na PUBG Mobile, gemu za simu za kupigana risasi. Kiingilio ni shilingi 2,000. Kuna wanaoruka chai ya asubuhi ili waipate.

Kijana huyo alikuwa na miaka 17 na alikuwa ameshashinda Jumamosi mbili mfululizo. Ya tatu alikuwa akipiga watu vichwani tu, hata waliokuwa bado hawajachungulia ukutani. Nilimwomba anionyeshe simu. Akaninyooshea, ila kidole gumba kikabaki kimeziba pembe ya juu ya kioo. Nikasubiri. Alipokiondoa, palikuwa na kitufe kidogo kinachoelea, kisichokuwemo kwenye gemu yenyewe. Hicho ndicho kilichokuwa kikimlengea. Aliyekaa upande wa pili alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Manzese.

Tulimfungia siku hiyo hiyo. Jina lake tukalirusha kwenye grupu la WhatsApp, na hapo tulikosea. Adhabu ilitosha, lile lilikuwa la kumdhalilisha. Hatutarudia.

Kabla sijaeleza alivyorudi, naomba tutenganishe mambo mawili. Kufungiwa na sisi ni jambo moja, kufungiwa na wenye gemu ni jingine. PUBG Mobile wakikukamata wanaweza kukufungia miaka 10, na Free Fire huifunga akaunti moja kwa moja. Sisi hatuna uwezo wa kuifungua, na mtu yeyote mtandaoni anayekuambia tuma pesa nikufungulie ni tapeli. Kuna wateja wetu wameshaliwa hivyo. Tena usinunue akaunti ya mtu usiyemjua, huenda anakuuzia mzigo uliokwisha kutiliwa shaka.

Sasa, kwa nini tusimfungie mtu maisha? Kwa sababu tumeona kinachotokea. Usiku ule ule anafungua akaunti nyingine kwa laini ya mdogo wake, anarudi kwa mlango wa uani, na hakuna anayemjua. Heri arudi kwa mlango wa mbele tukimwona.

Hata wakubwa wamefikia huko. Valve, kampuni yenye Counter-Strike, gemu ya risasi ya kompyuta, wana mfumo wa kunasa wachakachuaji uitwao VAC tangu 2002. Ukinaswa hufunguliwi, na alama inawekwa kwenye wasifu wako watu waione. Lakini mwaka 2021 walibadilisha kanuni za mashindano yao: aliyefungiwa zaidi ya miaka 5 iliyopita, kabla hajawahi kushiriki mashindano hayo, anaruhusiwa kushindana. Kifungo hakifutwi, ila anapewa nafasi.

Ila huruma kwa mkosaji isitusahaulishe waliodhulumiwa. Oktoba 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike mjini Shanghai, mchezaji wa timu ya OpTic India alikutwa na programu ya kulenga aliyoipa jina word.exe, kana kwamba ni ya kuandikia barua. Alifungiwa miaka 5. Timu nzima ikavunjwa, na wenzake wanne wakakosa kazi kwa kosa lisilo lao. Ninapofikiria nani arudi, naanza na watu kama hao wanne.

Ndiyo maana kwetu anayetaka kurudi huanza na deni. Kijana wetu alikaa nje miezi sita. Siku aliyokuja alisimama kizingitini, akasema, "Shikamoo kaka," akabaki pale pale mpaka nilipomwambia aingie. Zawadi za zile Jumamosi mbili amezirudisha kidogo kidogo, 5,000, mara 3,000, nasi tukawapelekea waliokuwa nafasi ya pili. Kisha wiki nne alicheza bila kugombea zawadi, kwa simu yetu, kioo chake kikionekana kwenye runinga ya ukutani. Hilo la runinga linamlinda yeye pia, maana akipiga vizuri kuna atakayesema ameanza tena. Amemaliza wiki hizo, sasa ni mchezaji kama wengine. Akirudia, hatutampokea tena.

Nanyi mliokuwepo nawaomba: msimwite mwizi humu ndani. Una shaka na mchezo wake? Mwite msimamizi, tutasimamisha pambano na kukagua simu mbele yenu wote. Atakayetukana atapisha kiti.

Kwenye kompyuta zetu tunakuwa wakali zaidi. Vanguard, mfumo wa kunasa wachakachuaji kwenye gemu ya Valorant, unaweza kuifungia mashine yenyewe, kwa hiyo mmoja akichakachua leo, kesho atakayekaa hapo hachezi, na hana kosa. Usiweke faili lolote bila kutuuliza.

Kama nawe uliwahi kufungiwa, kwetu au kwingine, na unataka kucheza tena, njoo Jumatano saa kumi jioni. Muda huo huwa hakuna watu, tutakaa tuongee.