Msilaumu kisahani kabla ya kukagua kichwa cha chaja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie visahani vya kuchajia simu bila waya, ambavyo siku hizi vimejaa madukani Kariakoo na kwa wauzaji wa mtandaoni. Malalamiko ya wateja yanafanana: simu inachaji kwa kusuasua, inapata moto, na ikilazwa juu ya kisahani usiku kucha asubuhi haijajaa. Lawama zote anabeba kisahani, wakati mara nyingi kosa liko kwenye vitu vinavyokizunguka.

Tuanze na simu yenyewe. Ili ichaji bila waya lazima iwe na koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duara, mgongoni, na simu nyingi za bei ya kati zinazouzwa hapa nchini hazina. iPhone wanayo tangu iPhone 8 na X za mwaka 2017. Samsung Galaxy S zinayo, Galaxy A hazina. Infinix Note 40 Pro inayo, lakini usidhani kila Infinix imejaliwa. Muuzaji anayesema kisahani chake "kinakubali simu zote" labda anakusudia pia kukuuzia kile kikaratasi chenye koili kinachochomekwa kwenye tundu la chaji na kubandikwa nyuma ya simu, ndani ya kava. Kinafanya kazi, ila ni kwa wati 5 hivi, na tundu linabaki limezibwa muda wote. Binafsi nisingekinunua.

Sasa kichwa cha chaja, penye matatizo mengi. Visahani vingi huuzwa na waya tu, bila kichwa. Mtu anafika nyumbani, anachomeka kwenye kichwa kilichokuja na simu ya zamani. Kigeuze usome yale maandishi madogo: kikiandika 5V 1A, zidisha, unapata wati 5 tu. Kisahani chenyewe kinakula sehemu yake, nyingine inapotea kama joto, betri inaambulia wati 3 hivi. Betri ya mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 19. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya saa sita, na hapo simu iwe imezimwa. Ukiacha data imewashwa na makundi ya WhatsApp yanaita, usiku mzima hautoshi. Vichwa vingine dhaifu zaidi huzidiwa kabisa: volti inashuka, kisahani kinajizima, kinawaka tena, taa inapepesa hadi alfajiri.

Kisahani kilichoandikwa wati 15 kinahitaji kichwa cha wati 20 hivi, yaani chenye maandishi ya 9V 2.22A au zaidi. Waya nao usiwe mrefu na mwembamba, kwa sababu waya mwembamba wa mita 2 hushusha volti njiani. Na plagi iwe ya pini tatu inayokaa sawasawa kwenye soketi. Ile ya pini mbili inayolazimishwa kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu inacheza, inatoa cheche, inayeyusha soketi. Ukisikia chaja imeunguza meza, kagua hapo kwanza. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani mpaka urudi na kutulia.

Namba kubwa kwenye boksi isikubabaishe. Anayeamua ni simu. iPhone juu ya kisahani cha kawaida hupokea wati 7.5, hata boksi likiandika 30. Kuanzia iPhone 12, nyingi hupata wati 15 au zaidi kwenye kisahani cha sumaku cha MagSafe cha Apple au cha Qi2, toleo la mwaka 2023 la Qi, kiwango cha kimataifa cha kuchaji bila waya. Nembo ya Qi, inayotamkwa "chi", hubandikwa hata kwenye bidhaa ambazo hazijapimwa. Muungano wa Wireless Power Consortium unaosimamia kiwango hicho una orodha mtandaoni ya bidhaa zilizopita, hivyo tafuta namba ya modeli kabla ya kutoa hela.

Kuhusu joto. Koili ya kisahani inabadili mwelekeo wa sumaku zaidi ya mara laki moja kwa sekunde. Koili ya simu ikikaa juu yake sawasawa, nguvu inavuka na kupotea robo hivi. Ikisogea sentimita moja, upotevu unaweza kukaribia nusu, na hiyo nusu ndiyo moto unaousikia mkononi. Simu yenye kamera zilizotuna nyuma huinama upande mmoja. Nyingine ikipokea ujumbe inatetemeka na kuteleza polepole, maana vumbi limefunika ile duara ya mpira iliyo juu ya kisahani. Futa duara kwa kitambaa kikavu, na zima mtetemo usiku. Kisahani chenye sumaku kinamaliza tatizo hili, mradi simu au kava lake nalo liwe na sumaku.

Kava lisizidi milimita 3. Lenye bamba la chuma la kushikizia simu kwenye gari, au pete ya kidoleni, livuliwe. Chuma chochote katikati hugeuka jiko dogo, kwa sababu umeme unazunguka ndani yake bila pa kwenda. Kisahani kizuri hulinganisha nguvu inayotoka na inayopokelewa, kikiona pengo kinajizima. Cha bei ya kutupa hakina ulinzi huo, au kinao wa jina tu, na sarafu ya shilingi 200 iliyosahaulika chini ya simu inaweza kukuunguza kidole. Kadi ya benki au ya mabasi ya mwendokasi usiiache kwenye mfuko wa kava wakati wa kuchaji, inaweza kufa.

Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kina nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Simu ikizidi joto hupunguza kasi au husimama kwenye asilimia 80. Haijaharibika, inajilinda, na betri za lithiamu huzeeka haraka kwenye joto. Weka kisahani juu ya meza au kigae karibu na feni, kamwe si kwenye godoro, ndani ya chandarua au chini ya mto.

Vifaa vingine vya nyumbani vina mambo yake. Kasha la spika za masikioni huchaji vizuri likiwa na alama ya Qi, ila liweke katikati hasa, koili yake ni ndogo. Apple Watch haichaji kwenye kisahani cha simu, ina chake. Mswaki wa umeme nao hauhusiki na Qi, ingawa unachajiwa bila waya.

LUKU isiwatishe: ziada juu ya kuchaji kwa waya, kwa simu moja kila siku, haifiki unit nne kwa mwaka. Kwa wenye sola ndogo au pawa benki ni habari nyingine, kule tumia waya. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye kisahani kinachochaji.

Nikiulizwa faida ya kisahani, nasema ni kulipumzisha tundu la chaji. Vumbi na unyevu wa pwani huliharibu, na kulibadilisha ni gharama. Anayetaka kasi abaki na waya.

Ombi langu ni kwa wauzaji: andikeni kwenye boksi, kwa Kiswahili, kichwa cha chaja kinachohitajika, na mruhusu mteja ajaribu kwa simu yake mwenyewe, ikiwa na kava lake, kwa dakika 15 kabla ya kulipa.

Fundi simu,
Ilala, Dar es Salaam