YAH: Malalamiko kuhusu godoro letu lililopelekwa Tunduma, vifaranga tusivyoviagiza, na maneno ya karani wenu mbele ya baba mkwe wangu

Sae, Mbeya
Julai

Meneja,
Idara ya Mizigo na Vifurushi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya kupokea na kusafirisha mizigo unayajua kuliko mimi, na yamechapwa nyuma ya stakabadhi, kwa hiyo sitakuchosha kwa kuyarudia. Ninachotaka ukijue ni mambo yaliyofanyika dirishani kwenu hapa Mbeya. Sidhani kama kuna aliyekuletea taarifa, kwa sababu waliokuwa zamu siku hiyo ndio hao hao waliokuwa wanacheka.

Mzigo wetu ulipakiwa Tanga: godoro la sita kwa sita, inchi nane, mablanketi mawili mazito, sufuria ya presha na vyombo vingine vya ndani. Godoro hilo ni zawadi ya mama yangu kwa ndoa yetu. Alilishona mwenyewe ndani ya viroba vya mchele kwa shazia, mshono wa karibu karibu, akaandika MBEYA kwa maka peni nyekundu pande zote mbili, herufi za ukubwa wa kiganja. Gari lenu likapanda nalo Kitonga, likapita Iringa, Mafinga na Makambako, likaingia Mbeya, abiria wakashuka, na godoro likaendelea na safari hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 100 mbele. Mtu anayejua kusoma hakosei neno MBEYA lililoandikwa namna ile. Kwa heshima zote, Ndugu Meneja, naomba umuulize aliyekuwa anashusha mizigo usiku ule alikuwa anasoma nini.

Sisi ni wageni katika mji huu. Mume wangu amepata kazi hapa, tumepanga chumba na sebule, na mimi sijawahi kuishi mahali penye baridi. Nyie mnaoendesha magari njia hii mnaijua Mbeya ya Juni na Julai. Usiku nyuzi joto zinashuka chini ya 10, na asubuhi mtu akifungua mdomo mvuke unatoka. Tulilala juu ya maboksi ya friji tuliyoyaomba dukani Mwanjelwa, mkeka juu yake, na juu ya mkeka sisi wenyewe na kila nguo tuliyokuwa nayo. Mume wangu alilala na koti la suti ya harusi juu ya sweta mbili za mtumba. Mimi nilijifunga khanga zote nilizotunzwa kwenye sherehe, doti juu ya doti, mpaka nikawa siwezi kugeuka bila kusaidiwa. Asubuhi mume wangu alikuwa anaingia kazini na koti hilo hilo, limekunjamana, kazi yenyewe mpya, wenzake wanamtazama.

Katika hali hiyo ndipo tulipokwenda dirishani kwenu kuulizia mzigo, na karani wenu akamwambia mume wangu, mbele ya watu wote: "Nyie si maharusi? Na baridi hii godoro la nini, si mkumbatiane tu!" Watu wakaangua kicheko. Nitarudi kwenye jambo hili, maana sijalimaliza.

Kabla ya hapo kulikuwa na suala la vifaranga. Mara ya kwanza tulipofika na stakabadhi, karani mwingine aliingia stoo akatoka na boksi lenye matundu linalolia. Nikamwambia kaka, sisi tulituma godoro. Akaangalia boksi, akaangalia stakabadhi, akasema namba ndiyo hiyo hiyo. Nikamwambia godoro halilii. Akajibu kwamba tusipolichukua vitafia pale dirishani na tutavilipa sisi, kwa kuwa karatasi imeshaandikwa kwamba mzigo umetoka. Ndani mlikuwa na vifaranga mia moja vya siku moja. Tukapanda navyo bajaji.

Ndugu Meneja, kifaranga cha siku moja kinahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Chumba chetu hakikuwa na joto hilo hata saa saba mchana. Mama mwenye nyumba alikuwa ametuazima blanketi moja, la pekee tulilokuwa nalo, na usiku ule blanketi hilo likafunika boksi la vifaranga. Mume wangu alitafuta balbu ile ya kizamani inayotoa joto, akaining'iniza juu ya boksi kwa kamba ya viatu, na kila mara akawa anaamka kuona kama wanajikusanya kwa baridi au wanajitenga kwa joto kuzidi. Umeme wa LUKU uliisha alfajiri, tukanunua mwingine. Wanandoa wapya, katika nyumba yao ya kwanza, wanakesha wanalea kuku wa mtu wasiyemjua. Hakikufa hata kimoja.

Usiku ule ule mwenye vifaranga akapiga simu. Namba ya mume wangu alipewa na ofisi yenu, na aliambiwa kwamba sisi ndio "tuliojichukulia". Mume wangu aliitwa mwizi wa kuku, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na jirani mwenyewe ni mtu wa ofisini kwake. Alieleza, akaomba asikilizwe, simu ikakatwa. Siku tuliyovirudisha, mwenyewe alivihesabu pale kwenu, akavikuta vyote, akatushika mikono, akatuomba radhi na kulipia ule umeme. Yeye aliyepotezewa mali ameomba radhi. Nyie mliopoteza bado.

Sasa narudi kwenye maneno ya karani, kwa sababu ni siku hiyo hiyo ya kurudisha vifaranga, na nataka uione ilivyokuwa.

Baba mkwe wangu alishuka kutoka Tukuyu. Alisikia kwamba mzigo umefika, akaja kutusaidia kuubeba, na pale Uyole akatukodia kirikuu kwa pesa yake. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani. Sijui kama wewe ni mwenyeji wa huku, lakini wafanyakazi wako wa Mbeya ni wenyeji na wanajua. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wana heshima yao. Zamani mkamwana hakuthubutu hata kukutana naye njiani. Alipomwona alikwepa pembeni na kujifunika. Siku hizi mambo yamelegea kidogo, lakini mzee wangu ni wa zamani, na mimi tangu niolewe nimejifunza kusimama mbali naye, kutazama chini na kutotaja mambo ya chumbani akiwa karibu. Siku ile nilisimama nyuma ya mume wangu, nimejitanda. Mume wangu ameshika boksi la vifaranga kwa mikono miwili. Mzee yuko pembeni ya dirisha na mkungu wake.

Karani wenu alikuwa ameweka miguu juu ya kifurushi cha mtu, anakunywa chai, anatazama simu. Mume wangu akamsalimu mara mbili. Akamweleza kwa upole kwamba tumerudisha vifaranga, tunaomba godoro, mke wangu hajazoea baridi. Hapo ndipo karani alipoinua macho, akanitazama mimi kuanzia chini mpaka juu, akasema yale: nyie si maharusi, na baridi hii godoro la nini, si mkumbatiane tu. Watu wakacheka. Mume wangu akamwambia, kaka, angalia maneno yako, huyu hapa ni baba yangu mzazi. Na karani wenu, Ndugu Meneja, badala ya kunyamaza, akamgeukia mzee akasema: "Mzee, hebu wafundishe vijana wako, wamekosa hata namna ya kulala!"

Akamwambia baba mkwe wangu. Mbele yangu.

Konda mmoja alipiga makofi. Mzee hakujibu. Aligeuka akatazama ile ratiba ya magari iliyobandikwa ukutani, akaisoma kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayetafuta gari lake, na hakuwa na gari la kutafuta pale. Ndizi bado ziko begani. Mimi sikuona kitu kingine zaidi ya sakafu. Kisha akatoka, akamkabidhi dereva wa kirikuu ule mkungu auletee nyumbani, yeye akarudi Uyole kupanda gari la Tukuyu. Hakufika kwetu. Chumba tulikuwa tumekideki kwa ajili yake. Tangu siku hiyo akipiga simu anaongea na mwanawe habari za shamba, anakata. Hajauliza kama godoro lilipatikana, na mimi najua ni kwa nini hawezi kuuliza.

Godoro lilikuwa Tunduma muda wote huo. Nilipata namba ya ofisi yenu ya kule, nikapiga saa tatu usiku, akapokea mtu mwenye sauti ya usingizi. Nikamuuliza kama wana godoro lililoshonwa kwenye viroba. Akanijibu: "Lipo dada, usiwe na wasiwasi, ila kwa sasa linatumika." Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka mdomoni mwake, na muda wa simu uko kwenye simu yangu.

Lilivyorudi liliyathibitisha. Viroba havipo. Mshono wa mama yangu ulikatwa kwa wembe, na wembe huo ukapita mpaka kwenye kitambaa cha godoro. Katikati limebonyea, kuna doa la chai upande wa kichwani, na tulipoligeuza ikadondoka soksi moja ya kiume, ya kijivu, imetoboka kidole gumba. Mume wangu hana soksi ya namna hiyo. Nimeiweka kwenye bahasha na nitakuja nayo popote nitakapoitwa. Mablanketi yalikuwa mawili, limerudi moja. Sufuria ya presha imerudi bila kile kizito cha juu kinachozuia mvuke, kwa hiyo haipiki. Huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, na maharage niliyokuwa nikiivisha Tanga kabla ya adhana ya mchana hapa yananila mkaa mpaka jioni. Mama alininunulia sufuria hiyo kwa sababu hiyo hasa.

Mwanzo sisi hatukutaka makubwa. Tulitaka mturudishie shilingi 45,000 ya kusafirisha mzigo na karani aonywe. Kama mtu wenu mmoja angesema "samahani" siku ile, barua hii isingeandikwa. Lakini sasa nataka godoro jipya, sita kwa sita, inchi nane, likiwa kwenye nailoni yake ya kiwandani, maana sitamlaza mume wangu juu ya jasho la mtu wa Tunduma. Nataka blanketi na sufuria nzima. Nataka karani huyo aondolewe dirishani. Asihamishiwe dirisha lingine. Aondolewe kabisa mahali panapopita wanawake na wazee. Na nataka kampuni yenu imtume mtu mzima, mwenye cheo, aende Tukuyu kwa baba mkwe wangu, akae chini, amwombe radhi kwa heshima ya mtu wa umri wake. Asiende mikono mitupu. Mume wangu atamwelekeza nyumbani.

Hili la Tukuyu si ombi. Mnaweza kunirudishia magodoro kumi, lisipofanyika hilo sitanyamaza.

Nawapa siku 7. Zikipita, malalamiko haya yataingia ofisi ya LATRA, mamlaka inayowasimamia nyie wenye magari, hapa mkoani na kwa LATRA CCC, baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, yakiwa na picha za godoro, rekodi ya simu na hiyo soksi. Tume ya Ushindani nayo inamlinda mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003, na huko pia nitaandika. Mahakama ya Mwanzo haiko mbali na ninapoishi. Kisha kuna stakabadhi mliyompa mama yangu Tanga. Ni ya daftari, imeandikwa kwa kalamu, na si risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ingawa alilipa taslimu na alisubiri. Nilikuwa sijapanga kulitaja jambo hilo kwa mtu yeyote. TRA, watu wa kodi, wana ofisi Mbeya, na mume wangu anapita hapo kila siku akienda kazini.

Mume wangu ndiye anayeleta barua hii kwa mkono. Naomba mapokezi wamgongee muhuri wa tarehe kwenye nakala yake, na zile siku 7 zihesabiwe kuanzia muhuri huo. Ameshaambiwa asiondoke bila muhuri.

Wako,
Mteja wenu
(jina, sahihi na namba ya simu viko kwenye kivuli cha stakabadhi nilichoambatisha)

Nakala: itapelekwa LATRA, Mkoa wa Mbeya, siku ya nane.